Faili la Mama Wawili

"Mama hana sukari, sista. Mwenye sukari ni mama mdogo."

Nilikuwa nimeshaisema sentensi hiyo mara nyingi mno mpaka ilikuwa inatoka yenyewe. Nilimwambia sista wa asubuhi, nikamwambia wa jioni, nikamwambia daktari ambaye alinisikiliza huku macho yake yakiwa kwenye kompyuta. Kila zamu ilipobadilika nilianza upya, kana kwamba siku iliyopita nilikuwa nikiongea na ukuta. Kumuuguza mama hakukunichosha. Kumgeuza, kumfuta jasho, kumwekea mto vizuri ili apumue, hayo ni mambo ya kawaida. Kueleza ndiko kulikonimaliza.

Sista huyu alikuwa mgeni kwangu, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba. Alikuja na kile kitoroli chao chenye kompyuta juu, akaisogeza mashine yake kwenye utepe wa jina uliofungwa mkononi mwa mama. Mashine ikalia, akasoma kioo.

"Anayo," akasema. "Tena ya siku nyingi. Insulini asubuhi na jioni."

"Hiyo ni ya mdogo wake."

"Jina ni hili hapa. Baba ni huyu, babu ni huyu. Simu ni yako?"

"Ni yangu."

"Basi?"

"Basi mpime kwanza, sista. Nakuomba."

Akampima. Mama alitolewa tone la damu kidoleni wala hakufumbua macho, homa ya mapafu ilikuwa imemlegeza mwili mzima. Kipimo kikatoa jibu zuri, sukari ya mtu mwenye afya. Nikashusha pumzi.

"Umeona?" sista akasema. "Dawa inamsaidia."

Hapo nikapandwa na hasira hasa. Nilimfunika mama tumbo kwa mkono wangu na kumwambia kwamba akitaka kuchoma achome, lakini sindano itapita kwanza kwenye mkono huu. Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakanyanyua vichwa. Sista akavaa miwani yake, akaniangalia kwa mara ya kwanza.

"Kaa chini," akasema. "Kaa unieleze kutoka mwanzo. Nami nimechoka kama wewe, kwa hiyo usinipigie kelele."

Nikakaa, nikamweleza.

Mama na mama mdogo ni tumbo moja. Babu yetu alimpenda mama yake kupita kiasi, na alipopata binti wa kwanza akampa jina la marehemu. Alipopata wa pili, akampa lilelile. Watu walimwambia, mzee, hilo umeshalitoa. Akajibu kuwa mama yake hakuwa wa kutosha mara moja. Kwa hiyo wakaitwa Mkubwa na Mdogo, na kwa maisha yao yote hakuna aliyechanganyikiwa. Wakaolewa, wakafiwa na waume, wakazeekea kwangu, chumba kimoja, vitanda viwili, wakigombania dirisha. Mkubwa anataka liwe wazi, Mdogo anaogopa upepo.

Mkubwa ana presha. Mdogo ana sukari, tena ile ya kuchoma sindano, na sukari hiyo imeshamla macho. Jicho la kulia limebaki kuona mwanga tu, na la kushoto linafuata. Siku za makaratasi kila mmoja alikuwa na jalada lake, na juu ya jalada manesi waliandika kwa kalamu nene: MKUBWA, MDOGO. Kisha zikaja kompyuta. Karani wa kuhamisha majalada akakutana na jina moja, baba mmoja, babu mmoja, na mwaka mmoja wa kuzaliwa, ambao wote wawili walikisia kwa kuwa hakuna aliyeujua wake. Simu pia ni moja, yangu, kwa sababu mama husema simu ni ya watu wenye siri. Kompyuta ikamuuliza karani kama huyu ni mtu yuleyule. Foleni ilikuwa imefika getini. Karani akabofya ndiyo.

Na sisi hatukulalamika. Tulifurahi! Badala ya kupanga foleni mbili, nikawa napanga moja. Dawa zote zinatoka kwenye mfuko mmoja, nami nazigawa nyumbani, vidonge vya presha kwa Mkubwa, vichupa vya insulini kwa Mdogo kwenye friji. Kliniki walikuwa wakipokea yeyote kati yao niliyekwenda naye, na daktari alishangaa tu kwamba huyu mama sukari yake inapanda na kushuka kwa namna ambayo hajawahi kuiona. Mama mdogo alicheka njia nzima. "Tumeshavaa nguo za kuazimana," akasema, "sasa tunaazimana na maradhi."

Sista alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuandika chochote. Kisha akachana karatasi, akaandika kwa herufi kubwa ASICHOMWE INSULINI, akaibandika kwa plasta ukutani juu ya kichwa cha mama.

"Siwezi kuifuta kwenye mashine," akasema. "Daktari akiisimamisha leo, alfajiri inarudi yenyewe, kwa kuwa ni dawa ya kudumu. Wa kuiondoa ni yule aliyeianzisha, na yule alishahamishwa. Hii karatasi ndiyo ninayoiweza."

Nilimshukuru mpaka akaona haya.

Nilidhani nimemaliza. Mchana nikakimbia dirisha la dawa kuchukua insulini ya mama mdogo, maana nyumbani kilibaki kichupa kimoja na chenyewe kilikuwa kinakaribia kukauka. Mtoa dawa akasoma kioo chake, akatikisa kichwa.

"Mgonjwa huyu amelazwa."

"Aliyelazwa ni mwingine."

"Hapa imeandikwa amelazwa. Aliyelazwa dawa zake zinatoka wodini. Nikikupa mimi, mashine inanikatalia."

"Lakini anayeihitaji yuko nyumbani."

"Basi ametoroka wodini?" akauliza, na nyuma yangu foleni ikacheka. Nami nikacheka, kwa sababu kulia mbele ya foleni sikutaka.

Ndivyo mambo yalivyokuwa. Insulini ya mama mdogo ilikuwa ikifika kila asubuhi na kila jioni kitandani kwa mama, na mama mdogo mwenyewe alikuwa nyumbani hana. Maduka ya mjini yalikuwa nayo, ila kwa bei isiyosemeka. Nikaenda kwa mtaalamu wa kompyuta, bwana mmoja mpole mwenye chumba chenye baridi kuliko chumba chochote cha wagonjwa. Alinikaribisha kiti. Akanionesha kwa kidole, faili hili hapa, limeunganishwa siku fulani, na kulitenganisha kunafanyika makao makuu.

"Nimetuma ombi," akasema.

"Litajibiwa lini?"

"Limepokelewa."

"Nauliza litajibiwa lini, bwana."

"Wanasema limepokelewa."

Nikamuuliza kwa nini basi wasimwandikishe mama mdogo upya, kwa namba nyingine ya simu, awe mtu wake. Akasema inawezekana, hata sasa hivi. Ila atakuwa mgonjwa mpya. Hatakuwa na ugonjwa wowote mpaka apimwe, na kliniki ya sukari kwa wagonjwa wapya ni mwezi ujao. Kisha akashusha sauti, maana alikuwa mtu wa huruma.

"Na kuna miadi ya jicho humu," akasema. "Ya kupasuliwa. Hiyo inabaki kwenye faili hili. Akianza upya, anarudi mwisho wa foleni."

Miadi ile! Mama mdogo alikuwa ameisubiri tangu jicho la kulia lilipokuwa bado linasoma. Hatimaye siku ilikuwa imetoka, mwisho wa mwezi huohuo, na alikuwa ameshaniamuru nimshonee gauni la kwenda nalo. Alisema hataki ukungu ukitolewa kitu cha kwanza kukiona kiwe nguo kuukuu. Nikamwambia mtaalamu asiguse kitu, aache faili lilivyo.

Ni sista wa miwani aliyepata njia. Nilipomwambia yaliyonikuta dirishani alikipangusa kitoroli chake ambacho hakikuwa na vumbi.

"Mlete," akasema.

"Nani?"

"Huyo mwenye sukari yake. Aje kama mtu wa kumtazama mgonjwa. Sindano itakuwa hapa."

Basi mama mdogo akaanza kushinda wodini, asubuhi mpaka jioni. Kaka yangu alimleta kwa pikipiki kabla ya kwenda kazini, na jioni akamrudisha. Alikuja amejifunga mtandio, ameshika ukingo wa kitanda kwa kupapasa, akakaa miguuni kwa dada yake. Sista alisoma utepe wa mkononi mwa mama, mashine ikalia, kisha akamgeukia mama mdogo, akampima yeye, akamchoma yeye. Kwenye kioo akabofya imetolewa. Na kwa kweli ilikuwa imetolewa. Sista aliwanong'oneza wenzake wa zamu nyingine, wote wakakubali, kwa sababu hata wao walikuwa wamechoka kubishana na karatasi ya ukutani.

"Mkubwa," mama mdogo alikuwa akisema, "leo nimechomwa kwa niaba yako."

Siku ambazo mama aliweza kusema, alimjibu. "Na dirisha je? Umelifunga?"

"Nimelifunga. Unadhani nani atanizuia?"

"Shetani wewe," mama akasema, akatabasamu, akarudi kulala.

Nataka niseme ukweli, siku zile zilinipa raha katikati ya uchovu. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki, mgongo ukiniuma, nguo za wateja zikiningoja nyumbani bila kushonwa, nikawatazama wakigombana kuhusu dirisha ambalo halikuwepo pale. Niliona ninaweza kuendelea hivyo hata mwaka, mradi wote wawili wapo.

Mama hakupata nafuu. Mapafu yalizidi kujaa, daktari akabadilisha dawa, akabadilisha tena. Mchana mmoja, watu wa vitanda vingine wakiwa wanakula, pumzi yake ikaanza kukawia. Inakuja, inakawia, inakuja. Mama mdogo alikuwa amekaa palepale miguuni. Hakuona uso wa dada yake, lakini alisikia. Akapapasa mpaka akaushika mguu wake chini ya shuka.

"Anaenda," akaniambia.

"Bado, mama mdogo."

"Mwanangu, nimelala naye chumba kimoja utoto wote na uzee wote. Najua anavyopumua. Anaenda."

Akaenda. Sista alikuja akamfunga macho, akatoa mpira wa hewa puani mwake kwa upole sana. Nililia mpaka nikaishiwa nguvu. Mama mdogo hakulia. Alikuwa amekamata ule mguu tu, na ilibidi mimi na sista tumbandue vidole.

Jioni kaka yangu na mjomba walikuja kuuliza habari za kuuchukua mwili. Sista akaniita pembeni, kwenye kitoroli. Alikuwa amevaa miwani na macho yake yalikuwa mekundu.

"Kibali cha kuchukua mwili kinatoka humu," akasema. "Kinatoka nikibofya amefariki. Hakuna njia nyingine, wa chumba cha maiti hawampi mtu bila karatasi hiyo."

"Sawa. Bofya."

"Nikibofya, faili linafungwa lote. Dawa, kliniki, jicho. Na mdogo wake anafungwa nalo."

Sikumwelewa mara moja. Kisha nikaelewa. Nilimuuliza kuhusu ombi la makao makuu. Alikuwa ameshampigia mtaalamu. Limepokelewa.

"Nitasema mtandao umekata," sista akasema. "Mpaka asubuhi. Asubuhi lazima nijue kama nabofya au naacha. Kaeni mzungumze."

Tulizungumza nyumbani, au tuseme wao walizungumza nami nikashika tama. Mjomba alisema maiti haikai, ni aibu, watu wako njiani. Kaka alisema tusubiri mpaka mwisho wa mwezi, mama mdogo apasuliwe jicho kwanza, marehemu yuko kwenye baridi, hataharibika. Mjomba akamwambia afunge mdomo. Kaka akamwambia mjomba kwamba yeye macho yake anayo. Mimi, mtoto wa marehemu, nilijikuta upande wa kaka. Ndiyo, nilikuwa tayari mama akae kwenye jokofu la hospitali, hajaandikwa kuwa amekufa, ili mdogo wake aone. Nilidhani angekubali. Bado nadhani angekubali, kisha angetusimanga maisha yake yote.

Mama mdogo alikuwa kitandani kwake, mlango wazi, anatusikia. Kitanda cha pili kilikuwa kimetandikwa. Alilifungua dirisha. Nilimsikia akipambana na komeo lake, akilifungua wazi kabisa, upepo ukaingia mpaka sebuleni.



Asubuhi alinishika mkono tukaenda wodini wawili, yeye amevaa lile gauni jipya. Sista alikuwa ametusubiri ingawa zamu yake ilikuwa imekwisha. Kitanda cha mama kilikuwa na mgonjwa mwingine tayari, na ile karatasi ya ASICHOMWE INSULINI bado ilikuwa juu ya kichwa chake. Sista alipoona nimeitazama akaibandua haraka, akaikunja.

"Mnasemaje?" akauliza.

"Bofya," mama mdogo akasema.

"Mama, umeelewa kwamba jicho..."

"Mwanangu, nimeelewa. Bofya. Huyo ni dada yangu. Hawezi kulala kwenye friji kama dawa."

Sista akabofya. Haikuchukua muda hata wa kuvuta pumzi. Simu yangu ikatetemeka mfukoni, nikaitoa bila kufikiri. *Ndugu mgonjwa, miadi yako ya upasuaji wa jicho imefutwa. Asante kwa kutumia huduma zetu.* Nikaisoma kimya, nikairudisha.

"Nani huyo?" mama mdogo akauliza.

"Matangazo tu."

Akatikisa kichwa taratibu. "Ni jicho, sivyo?"

Akanipapasa bega, akaniambia pole. Yeye ndiye aliyeniambia mimi pole.

Kibali kilipotoka, sista alikiweka kwenye bahasha, na chini yake akaweka mfuko wenye vichupa. Ilikuwa insulini iliyobaki kwa jina la mama, ambayo ilipaswa kurudi stoo. Alisema itamfikisha mama mdogo mwezi ujao, kwenye kliniki ya wagonjwa wapya, nami niiweke kwenye baridi nisimwambie mtu. Kisha akavua miwani akaenda zake nyumbani kulala.

Kaka na mjomba walikuwa na gari nyuma ya jengo, wanangoja karatasi. Nikawapelekea. Mama mdogo akasema kabla hatujaondoka tupite mapokezi, asije akarudi kesho na kukuta foleni. Nikamnunulia laini mpya ya simu pale getini, ya kwake peke yake, akaishika mkononi kwa mashaka. Tukapanga foleni. Ilikuwa ndefu. Watu waliomwona na gauni lake jipya wakampisha wakidhani anatoka kwenye sherehe.

Karani alikuwa amechoka vilevile kama sisi. Hakunyanyua uso.

"Mgonjwa mpya?"

"Mpya," mama mdogo akasema.

"Umeshawahi kutibiwa hapa?"

"Hapana."

Akataja jina lake. Akataja la baba yake, la babu yake. Karani akaandika, akasita, akasogea karibu na kioo. Nikaona kinamuuliza kitu.

"Kuna mtu hapa ana majina haya," akasema. "Ila ameshafariki. Siyo wewe?"

"Siyo mimi."

Akabofya. "Tatizo lako?"

"Sukari."

"Imeanza lini?"

Nilitaka kumsaidia, nitaje ile miaka, kipimo cha kila dawa, jicho la kulia na la kushoto, kila kitu ambacho kilikuwa kwenye faili na sasa kilikuwa njiani kuelekea kaburini. Mama mdogo alinibana mkono nisiseme.

"Andika leo," akasema. "Mpaka jana nilikuwa dada yangu."

Karani akanyanyua uso, akamtazama, kisha akanitazama mimi.

"Amefiwa," nikamwambia.

Akasema pole, akaandika leo.